Nusu ya Kulia Sikuiona

Hakuna kitu cha kunishtua mimi. Nasema hivyo nikijua ninachosema, maana nilianza maisha na toroli la kukodi na leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga hapa Tabora mjini, na kati ya toroli na mashine nimeona mambo ambayo wasomi huyasoma vitabuni tu. Lakini nikikutana na harufu ya petroli iliyochanganyika na magunia ya tumbaku, kama pale malori ya Goweko yanaposhusha mzigo, magoti yangu hukumbuka kuchuchumaa. Hiyo ndiyo harufu ya banda la video la mtaani kwetu Ng'ambo, kiangazi nilipokuwa na miaka kumi. Kuta zake zilikuwa magunia makuukuu ya tumbaku yaliyoungwa kwa sindano kubwa, jenereta ikinguruma nyuma, na ndani watu wazima wenye ndevu zao wakipiga kelele mchana kweupe kama wanachinjwa wao.

Aliyenirudisha kwenye mambo haya ni binti yangu Rehema. Amerudi kutoka chuoni, na Jumapili mashine zikizimwa ananiwekea tamthilia za mauaji na filamu za kutisha kwenye ule ukuta wa televisheni nilioununua, ambao mtaa mzima hakuna mwenzake. Nimeziangalia nyingi mwaka huu na nina maoni yangu. Kuna moja ya Wakorea, vipande kumi na sita, muuaji nilimjua kipande cha pili. Rehema akashangaa nimejuaje. Nikamwambia yule ndiye peke yake aliyeosha kikombe chake mwenyewe akiwa ugenini. Mtu wa namna hiyo ana jambo. Kuna nyingine ya nyumba yenye mizimu. Milango inajibamiza, ukuta unatoka damu, na mwenye nyumba anachukua tochi anashuka chini peke yake, kimya, kama anakwenda kuiba kwake. Huku kwetu ukisikia kishindo unapiga mwano, ile kelele ya Kinyamwezi ya kuita msaada, na kabla jini hajajifunga kikoi uani pamejaa watu na marungu. Lakini lililonikera zaidi ni hili: katika tamthilia moja nilihesabu maiti kumi na nane na sikuona tanga hata moja. Hakuna turubai, hakuna uji, hakuna aliyeuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Rehema akacheka, "Baba, ni filamu." Nikamjibu, "Najua ni filamu. Sasa hao watu hawana watani?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa, ndipo ikabidi nimsimulie kiangazi kile.

Siku hizo nilikuwa nalelewa na Babu, fundi bati, kwa kuwa mama alikuwa vijijini kwenye mashamba ya tumbaku. Kuingia bandani kulikuwa na kiingilio, nami sikuwa nacho, kwa hiyo nikawa na tundu langu kwenye gunia, ubavuni mwa banda. Tundu lenyewe lilikaa vibaya. Mbele yake kulikuwa na nguzo, na nguzo ile ilikula nusu ya kulia ya televisheni. Msimu mzima niliona nusu ya kushoto tu. Na kwa bahati ambayo mpaka leo siielewi, kila kitu cha kutisha kilitokea kulia. Kushoto ningemwona mwanamke amesimama, macho yanamtoka, mdomo unafunguka taratibu, mkono unatafuta ukuta. Alikuwa anaona nini? Sijui. Ndani watu wanapiga ukunga, mimi nje nimeshika gunia nasoma uso wa yule mwanamke kama anayesoma barua. Ndiyo maana nasema filamu za leo zinakosea kutuonyesha zimwi mpaka kucha zake. Zimwi ukishaliona kucha umeshalizoea. Uso wa anayeliona, huo hauzoeleki.

Nikitoka pale nilikwenda moja kwa moja kibarazani kwa Babu. Alikuwa akikunja bati la vibatari na makarai, tink, tink, tink, koti lake jeusi juu ya kanzu hata jua liwake vipi, na kikohozi chake cha mara tatu, viwili vifupi na kimoja kirefu. Alikuwa hajakanyaga banda lile na wala hakutaka. Alitaka kusimuliwa. "Haya, nisimulie," angesema, nyundo inaendelea. Nami ningesimulia nusu yangu, naye angeuliza maswali kuliko mwalimu. Mlango ule ulikuwa wa mbao au wa bati? Mbwa alibweka kabla au baada? Na aliyetokea kulia ni nani? Nikisema sijui, nyundo ilisimama, tukakaa tunafikiri wote wawili. Siku moja nilimweleza kwamba mtu aliyechinjwa Jumatatu nimemwona Jumatano ni dereva wa teksi, mzima kabisa. "Babu, amefufuka?" Akakohoa vile vitatu vyake, akasema, "Labda kwao wanaruhusiwa." Akili yangu ya miaka kumi ililichukua neno lile, ikaliweka.

Msikilizaji wetu wa pili alikuwa Bi Mwasiti, Mzaramo aliyeolewa Tabora, aliyeuza maandazi kwenye kona ya kibaraza kile kile. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, mababu zetu walipobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Bagamoyo, wakipita na kulala kwao. Kwa hiyo yeye na Babu hawakuamkiana, walitukanana. "Nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani mkasahau kubeba akili," angesema Bi Mwasiti. Babu bila kuinua macho angejibu, "Akili tuliwaachia nyie mtutunzie, tuliporudi tukakuta mmeichezea ngoma." Na andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta, kila siku ya Mungu, lilikuwa la Babu.

Kiangazi kilipokaribia kwisha Babu akalala na homa. Siku ya tatu ya homa, baada ya adhuhuri, nilikuwa tunduni. Filamu ilikuwa ya mwanamke anayesikia hatua za mumewe aliyekufa nje ya mlango. Kitasa kinazunguka. Nyuma yangu, kwa mbali, nikasikia shangazi ananiita jina. Nilimsikia vizuri kabisa. Akaita mara ya pili, na sauti ya mara ya pili haikuwa ya kutumwa dukani. Lakini kitasa kilikuwa kinazunguka. Nikajiambia, mlango ukifunguka tu nitakwenda. Nilipofika nyumbani Babu alikuwa amefunikwa shuka. Shangazi hakunigombeza, alisema tu, "Alikuwa anakutaka." Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nyumbani kwetu siku ile mjukuu mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo, na sikumwambia mtu kwamba nilisikia. Wote walidhani nilikuwa mbali.

Siku ya tatu baada ya maziko, hitima imesomwa na watu wamekula, ulikuwa ndio wakati wa watani. Mtoto wa Tabora anakua akijua kwamba mtani huja matangani kumwigiza marehemu, watu wacheke, chakula kishuke. Mimi pia nilijua. Lakini siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba, peke yangu, na kitu nilichosikia kutoka kibarazani kilikuwa nyundo. Tink, tink, tink. Kisha kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nikazunguka kona nikaona mgongo wa koti jeusi umeinamia bati. Watu walikuwa wanacheka, lakini sikuwasikia. Nilichokumbuka ni kwamba kwao wanaruhusiwa, na labda na kwetu sasa wameruhusu. Nilikimbia nikalikumbatia lile koti kwa nyuma nikasema kwa sauti ya kusikika uani kote, "Babu, nilisikia naitwa! Nilisikia!"

Vicheko vilikatika. Koti lilinuka mafuta ya maandazi. Hapo nikajua, nikataka ardhi inimeze. Bi Mwasiti angeweza kulivua, akanipakata, akalia na mimi. Watu wengine wangefanya hivyo. Hakuvua. Alikohoa vile vitatu, nyundo ikasimama, akauliza kwa sauti ya Babu, "Ulisikia ukafanya nini?"

"Mlango ulikuwa unakaribia kufunguka."

"Ukafunguka?"

"Ukafunguka."

"Akatoka nani?"

"Sijui, Babu. Alitokea kulia."

"Pumbavu!" akafoka. "Yaani mimi umenikosa, na yeye umemkosa? Mnyamwezi gani wewe, safari nzima unarudi mikono mitupu!"

Uani pakalipuka. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, na ndani ya kile kicheko ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu Babu afe, na Bi Mwasiti, bado ndani ya koti, akaniambia nimsimulie kuanzia mwanzo, mlango ulikuwa wa mbao au wa bati.

Rehema alipomaliza kusikia haya hakucheka tena. Tumeendelea kuangalia tamthilia zetu, na siku hizi yeye ndiye anayeuliza kila maiti ikianguka, "Baba, huyu mtani wake nani?" Televisheni yetu inaonyesha kulia na kushoto, juu na chini, na ukitaka unairudisha nyuma. Banda lile sasa ni duka la simu. Nimepata karibu kila nilichokuwa nachungulia. Ila sijaona hata mtaalamu mmoja wa filamu anayeweza kumtoa mtu hofu kwa kumfokea "pumbavu" mbele ya kadamnasi.

Mwezi uliopita Bi Mwasiti alifariki, mkongwe, wajukuu hawahesabiki. Wakanipigia simu: wewe ndiye mtani wake. Nilijitapa kwa Rehema kwamba aje aone kazi. Nikafunga kanga mbili, nikabeba sinia la maandazi ishirini, nikaingia uani kwa mwendo wake wa kuvuta mguu, nikiwatukana Wanyamwezi wenzangu waliobeba mizigo wakasahau akili. Watu wakalala chini kwa kucheka. Nilikuwa hodari, nasema ukweli. Kisha nikafika kwenye kikohozi cha Babu, maana Bi Mwasiti mwenyewe alikuwa akikiiga kila mwaka mpaka uzeeni. Kikohozi cha kwanza kikatoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu, kile kirefu, hakikutoka. Nilisimama na sinia, macho yananitoka, na pale uani palipojaa watu nikawa natazama mlango wa chumba chake.

"Mtani analia!" akapiga kelele Mwajuma, binti yake mkubwa. "Jamani, tajiri analia! Faini!" Maana mtani halii matangani, akilia amevunja utani, analipa. Sinia likaniponyoka. Wakakaa kikao papo hapo, wanawake watupu, hawana huruma. Jicho la kushoto elfu kumi na tano. Jicho la kulia elfu kumi na tano. Kamasi elfu saba na mia tano. Maandazi ishirini yaliyoingia mchanga, mia mbili mbili, elfu nne. Nikaomba wanipunguzie jicho moja, mimi mfanyabiashara. "Hapa si mashineni kwako, mjinga wewe," Mwajuma akasema, kiganja kimekunjuliwa. Nikatoa pochi mbele ya binti yangu, nikalipa taslimu shilingi elfu arobaini na moja na mia tano.