Panga la Jitu Mikononi mwa Semeni

Mpaka leo nikinusa karoti ambazo hazijaoshwa, zile zinazoshuka kutoka milimani na udongo wake mweusi, moyo wangu kwanza unafurahi, halafu unanuna. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa stoo ya bibi yangu pale Kilakala, ikichanganyika na ya liki, yale majani marefu yanayonukia kama vitunguu, na ya magunia yaliyolowa. Bibi aliuza mboga kwa jumla. Akina mama wa Uluguru walimshushia mizigo alfajiri, ukungu ukiwa bado umefunika mlima wote, na kufika mchana stoo ilikuwa imebakiwa na kijinafasi katikati, cha kutosha ndoo nne zilizopinduliwa kuzunguka kreti moja ya soda. Masika yale, nikiwa darasa la sita, ndoo moja ilikuwa yangu. Mbili walikalia wavulana wa jirani, na ya nne, iliyoegemea ukuta, alikalia Mjomba Shabani, kitinda mimba wa bibi, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana la kufanya.

Yeye ndiye aliyetuletea mchezo. Rafiki yake wa bwenini, Denis wa Dar, alikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye sheria zake, na mjomba alikuwa ametoa kopi ya kurasa alizoona zinatosha. Haukuwa mchezo wa kusukuma kete. Kila mmoja alibuni mpiganaji wake, akamtungia ukoo na tabia, kisha mjomba akasimulia misitu na mapango, nasi tukasema wapiganaji wetu wanafanya nini. Ukitaka kupiga, unaingiza mkono kwenye kopo la maziwa lililojaa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, tulivyoviandika namba kwa kalamu ya wino, moja hadi ishirini. Namba kubwa umepata, namba ndogo umekosa. Mvua ikigonga bati tulilazimika kusogeza vichwa ili tumsikie, na nadhani ndiyo maana nilimwamini kila alichosema, maana alikisemea karibu kabisa na sikio langu.

Mpiganaji wangu aliitwa Semeni. Alikuwa mfupi kama mimi, na nilimtaka awe na panga la jitu, refu kumpita. Hapo ndipo sheria ilipotusumbua. Kopi ya mjomba ilisema silaha iliyotengenezewa mwili mkubwa huumiza maradufu, ila mdogo akiishika anachota visoda viwili, na kinachohesabiwa ni kile cha chini. Maana yake angekosa karibu kila mara. Tulibishana siku nzima. Mwishowe mjomba akauliza jitu lenyewe ni nani kwa Semeni. Nikasema ni kaka wa mama yake, amekufa. Akapiga kreti kwa kiganja. "Basi kesi imekwisha," alisema. "Sisi Waluguru mali ya mjomba anarithi nani kama si mpwa? Panga la mjomba wake haliwezi kumlemea. Achote kimoja tu." Wavulana wa jirani, Waluguru kama sisi, hawakuona cha kupinga. Hata bibi, aliyekuwa mlangoni akifunga mafungu ya liki, aliitikia kwamba ndivyo ilivyo. Leo najua kwamba kitabu hakikuwa na habari na koo za mama wala urithi wa wajomba. Lakini nilitoka stoo siku ile najiona mtu mwenye haki, na mjomba wangu ndiye aliyenipa.

Kwa panga lile Semeni aliwavusha wenzake kila walipokwama. Wavulana wale, ambao mwanzoni walitaka nikae pembeni niwaokotee visoda vikianguka, sasa waliniuliza kwanza kabla ya kuingia pangoni. Sikuwa nimewahi kuulizwa jambo na mtu mahali popote. Nyumbani nilikuwa wa kutumwa, darasani nilikuwa wa nyuma. Kwenye ile ndoo nilikuwa Semeni.

Kisha Denis akaja. Mjomba alimfuata stendi ya Msamvu na kurudi naye akimbebea begi. Alileta kitabu kizima, chenye picha za rangi, na dadu halisi yenye pande ishirini, inayong'aa kama pipi. Visoda vyetu vikawekwa juu ya gunia. Ila ndoo ya tano haikuenea. Mjomba akamwambia rafiki yake asijali, atazame kwanza, mpiganaji wa mtu akifa yeye atachukua nafasi. Niliona jambo la haki, nikamtengea mgeni pa kusimama.

Kesho yake tulifika kwa joka la pangoni. Ilikuwa zamu yangu, nami nilirusha ile dadu mpya ikatua kumi na nane. Wavulana walishangilia. Denis, aliyesimama nyuma yangu, akainama. "Oya Shaba, si panga la jitu hilo? Kitabu kinasema arushe mara mbili."

Nilimtazama mjomba nikisubiri amweleze habari ya urithi. Hakunitazama. Alifungua kitabu cha mwenzake, ukurasa alioujua kwa moyo, akajifanya anasoma. "Kweli," alisema. "Rusha tena, Zuhura."

"Lakini mjomba, ulisema nimerithi."

"Ah, ile tulikuwa tunafurahisha genge tu."

Nikarusha. Ikatua tatu. Joka likamla Semeni, na mjomba akalisimulia hilo haraka haraka, yeye ambaye kifo cha panya alikuwa anakivuta mpaka tukasisimka. Niliinuka, na kabla sijafika mlangoni nikasikia ndoo yangu ikilia chini ya uzito wa Denis. Bibi akaniuliza mbona nimetoka. Nikamwambia nimekufa. "Kama umekufa njoo unisaidie kuchambua karoti," akasema. Nilichambua mpaka jioni, nikisikia vicheko vyao kupitia ukuta. Sheria ya kitabu haikuniuma. Angeniambia tangu mwanzo, ningemchagulia Semeni kisu kidogo na tungeishi vizuri. Kilichoniuma ni kwamba alinipa haki kwa jina la ukoo wetu, kisha akaninyang'anya apate kumpa rafiki yake pa kukaa. Siku ile sikumsamehe, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe.

Sikukuu ya Idd iliyopita alikuja kutusalimu. Ana kitambi sasa na kazi Dodoma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukala pilau, kisha akamtolea binti yangu Rehema dadu ya pande ishirini na kuanza kumfundisha. Akasimulia kwa kicheko jinsi mimi, mama yake, nilivyoliwa na joka. Nikamuuliza anakumbuka habari ya kurithi panga. Alikunja uso, akafikiri kwa dhati kabisa, akasema hakumbuki. Niliona hasemi uongo, na hilo liliniuma upya.

Rehema akasema anataka mpiganaji wake awe na rungu la jitu. Mjomba Shabani akapiga meza kwa kiganja. "Wewe si mjukuu wangu? Rungu hilo ni lako, halikulemei."

Mwanangu alimtazama kwa macho niliyoyafahamu.

"Na mgeni akija, mjomba?" nikauliza.

"Mgeni gani tena?"

Nilikwenda uani nikachukua ndoo, nikaipindua, nikaketi karibu na mwanangu.