Drafti ya Kidole Gumba

Kaka yangu alikuja kukaa kwangu Somanda akiwa amefungwa bendeji mikono yote miwili. Nyumba yangu iko karibu na hospitali, na alitakiwa kusafishwa vidonda mara kwa mara. Kutoka kwake Ngulyati mpaka mjini ni safari ya bodaboda, na mtu asiye na mkono wa kujishikilia angeanguka njiani. Wifi yangu alibaki nyumbani na watoto na ng'ombe.

Kaka alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Msimu ulikuwa umekolea, malori yamepanga foleni hadi barabarani, na mashine moja ikakabwa na pamba. Wakaizima. Kaka akaingiza mikono kuitoa pamba iliyojisokota kwenye misumeno. Mashine ikawaka mikono ikiwa bado ndani. Wa kulia madaktari waliumalizia kuukata Mwanza, juu ya kifundo. Wa kushoto ulibaki na kidole gumba na kipande cha kiganja.

Aliyekuwa amesimama kwenye swichi alikuwa rafiki yake mkubwa. Walianza pamoja kiwandani hapo wakiwa vijana wa kubeba marobota, na waliitana nkoi, rafiki kwa Kisukuma, kiasi kwamba hata watoto wa kaka walidhani hilo ndilo jina la yule bwana. Kila walipotoka kazini walikwenda kijiwe cha bodaboda kucheza drafti kwenye ubao wa mbao laini, kete zikiwa vizibo vya soda. Kaka aliogopwa pale. Nkoi wake peke yake ndiye aliyeweza kumfunga, tena si mara nyingi.

Wakubwa wa kiwanda walikuja, wakauliza maswali, wakasema ni ajali ya kazini. Mtaani hawakusema ajali. Wapo waliosema yule rafiki aliutaka usimamizi. Wapo waliotaja mganga. Kaka hakusema lolote, ila mama yetu alipolitaja jina la yule bwana mbele yake, alimwambia, "Mayu, humu ndani huyo asitajwe."

Jumapili moja wenzake wa kazini walikuja kumsalimia wakiwa na ubao wa drafti. Walifikiri wamepata cha kumchangamsha. Wakauweka juu ya meza yangu, wakapanga vizibo, na mmoja wao akajitolea kumsogezea kete.

"Isogeze ile," kaka alisema.

"Ipi, bosi?"

"Ya pembeni."

"Hii?"

"Siyo hiyo!"

Lakini jamaa alikuwa ameshaigusa. Kwenye drafti ya kijiweni kete ukiishika umecheza, na yule aliyekaa upande wa pili akapiga kelele kama walivyozoea, "Imeshikwa! Imeshikwa hiyo!" Wote wakacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Kaka aliinuka, akapitisha mguu chini ya meza na kuisukuma, vizibo vikaruka hadi chini ya kabati. Wageni wakaokota ubao wao na kuaga mmoja mmoja. Hawakurudi.

Nafundisha hisabati na kompyuta shule ya sekondari. Sikuwa nimewahi kutengeneza mchezo wowote. Programu nilizojua kuandika zilikuwa za kujumlisha alama za wanafunzi na kupanga majina. Lakini wiki ile, kila vipindi vilipoisha, nilibaki kwenye chumba cha kompyuta, simu pembeni ikinionyesha masomo ya video, na nikaanza kuchora miraba. Kahawia na rangi ya maziwa. Kete zikawa duara nyekundu na duara nyeusi. Nikaweka fremu ya njano inayotembea juu ya ubao kwa vile vitufe vya mishale, na kitufe kirefu cha chini kikawa cha kuinua kete na kuiweka. Nilivijaribu vyote kwa kidole gumba changu cha kushoto, mkono mwingine nimeukalia.

Nilipomletea kwenye kompyuta yangu mpakato aliitazama kama anavyotazama dawa. Kisha akaleta kidole. Kilikuwa bado na ganda jeusi kwenye kucha. Fremu ya njano ikasogea.

"Inakwenda yenyewe hii?"

"Wewe unacheza nyekundu. Nyeusi inacheza mashine."

Alicheza. Baada ya muda akasema, "Mashine yako inaiba."

"Inaiba vipi?"

"Imekwepa kula. Lazima ule. Hata kama ukila unakufa, lazima ule."

"Kwa nini ulazimishwe kujiua?"

"Ndiyo drafti, mwalimu."

Nikarekebisha. Kesho yake akalalamika kwamba kingi wangu, kete iliyofika mwisho wa ubao, anatembea kama mgonjwa, hatua moja moja, wakati kingi wa kweli anakwenda mstari mzima. Nikarekebisha na hilo. Mwanzoni aliifunga mashine huku akipiga miayo, kwa hiyo nikaiongezea uwezo wa kupima hatua za mbele zaidi kabla ya kucheza. Siku ilipomfunga kwa mara ya kwanza alikaa akiutazama ubao, kisha akasema, "Sasa nimepata mtu."

Nilifurahi. Nilimpigia mama simu kumweleza.

Furaha hiyo haikukaa. Kaka akawa anakaa mbele ya kompyuta toka naondoka kwenda shule mpaka narudi. Uji niliomwachia niliukuta na utando juu, mrija umo ndani ya kikombe. Umeme ukikatika na betri ikiisha, aliendelea kukaa pale pale, uso kwenye kioo cheusi, akisubiri. Alianza kukwepa kwenda kusafishwa. Nesi mmoja tunayesali naye akanisimamisha nje ya kanisa akauliza kama mgonjwa wangu amehama. Nilipofungua bendeji ya kulia nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Nikamshika begani, nikamwinua, nikampeleka mwenyewe, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimeizima vizuri ili ubao usipotee.

Wifi yangu alikuja siku ya gulio akiwa na unga na kuku aliyemfunga miguu. Akakaa kwenye mkeka, akamweleza mumewe habari za nyumbani: mtoto mkubwa alikuwa na malaria lakini amepona, ng'ombe yule mweupe amezaa.

"Dume au jike?" kaka aliuliza.

"Jike."

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Wifi alisubiri, akamtazama kutoka ubavuni, akasubiri tena, kisha akainuka akanifuata jikoni. Alimshika yule kuku, akakata kamba miguuni kwa kisu, akasahau alichotaka kufanya, kuku akatoka mlangoni akaenda zake uani.

"Wifi," aliniambia, "najua ulitaka kumsaidia. Lakini hospitali nilikuwa nampata. Alikuwa analia, nalia naye. Hapa simpati kabisa."

Nilimwambia nitaiondoa. Jioni ile nilimwambia kaka kwamba kompyuta inahitajika shuleni kwa wiki moja. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu nikamwona kaka yangu akiniomba. "Iache," alisema. "Nikikaa bila hiyo naisikia ile mashine nyingine." Nikaiacha.

Yule rafiki alikuwa ameshafika getini zaidi ya mara moja na kila mara nilimrudisha. Alipokuja tena ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia mabegani. Alivua kofia, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, dada."

"Mwadila."

"Nimwone tu. Hata kama hataongea."

Nikaingia ndani kumweleza kaka, nikijua atakataa. Hakugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Mwambie aingie," alisema. "Akae hapo. Aanze yeye."

Mchezo wangu ulikuwa na sehemu ya watu wawili. Nilikuwa nimeiweka nikidhani mimi na kaka tungeitumia. Nikaifungua. Yule bwana alikaa ukingoni mwa kiti, mikono yake yote miwili ameibana katikati ya mapaja kama mtu anayeona baridi. Nikamwonyesha vitufe. Alipoileta mikono juu, kaka akaitazama. Aliitazama kidole kwa kidole. Mimi nikasimama mlangoni, sikuweza kuondoka wala kukaa.

Walicheza bila kusalimiana. Nje bodaboda zilipita zikielekea hospitali. Sikuwa mjuzi wa drafti, ila kwa kutengeneza ule mchezo nilikuwa nimejifunza kuona, na nikaona kete za mgeni zinakwenda kuliwa moja moja, zinajipeleka zenyewe. Kaka alikula moja, akala mbili kwa mkupuo, kisha kidole kikasimama.

"Unaniachia," alisema.

"Hapana, nkoi."

"Usiniite hivyo. Unaniachia. Umenikata mikono, halafu unakuja kuniachia mchezo?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Unafikiri nimekuita nifurahishwe kama mtoto? Mwalimu, anzisha mwingine."

Nikaanzisha mwingine. Yule bwana alipangusa uso kwa kofia, na safari hii akacheza. Nilimwona akisahau alipo. Mgongo ukanyooka, vidole vikashika kasi kwenye vitufe, na kaka naye akaegemea mbele, na kwa kitambo wakawa watu wawili kwenye kijiwe chao baada ya zamu. Kaka akapata kingi. Mgeni naye akapata. Kete zikapungua. Kisha mgeni akasukuma kete moja mbele ya kingi wa kaka, akaiacha pale wazi.

Kaka aliona kabla yangu. Angeila ile kete, kingi wake angetua mahali pa kuliwa, na nyuma yake hakuna kilichobaki. Akajaribu kumpeleka kingi pembeni. Kompyuta ikakataa, mraba ukawaka mwekundu. Akajaribu upande wa pili. Ukawaka tena. Hivyo ndivyo alivyoniagiza niitengeneze. Akabonyeza tena na tena, kwa nguvu, mpaka lile ganda kwenye kucha likapasuka na kutoa damu.

"Lazima ule," yule bwana alisema taratibu.

Kaka akala. Yule bwana akamla kingi, na ubao ukaandika kwamba nyeusi imeshinda. Halafu kaka akauliza, bado macho yake kwenye kioo, "Siku ile ulisikia nini?"

Yule bwana alikuwa amelingoja swali hilo. "Niliuliza, niwashe? Nikasikia, washa."

"Nilisema acha."

"Nilisikia washa, nkoi. Mashine za pembeni zilikuwa zinaunguruma. Naapa kwa wanangu."

"Nilisema acha."

"Nilisikia washa."

Walirudia hivyo, kila mmoja na neno lake, mpaka yakawa hayana tofauti masikioni mwangu, nami nikaelewa jinsi ilivyotokea, na kwamba kuelewa kwangu hakumsaidii yeyote kati yao. Yule bwana akaanza kulia. Alishuka kwenye kiti akapiga magoti, akanyoosha mkono kumshika kaka mguu. Kaka akauvuta mguu.

"Sisemi ulikusudia," kaka alisema. "Nimekusikia. Lakini nikikuona naiona mikono yako. Nenda. Usirudi."

Nilimsindikiza mpaka getini. Alisahau kofia, nilirudi kuichukua, nilipotoka alikuwa ameshafika barabarani, na nilipomwita hakugeuka.

Kaka hakuucheza tena ule mchezo, si siku ile wala baadaye. Nilidhani ataurudia, nikawa naiacha kompyuta mezani imewashwa. Alikaa kitandani akitazama ukuta. Alikwenda kusafishwa vidonda bila kusukumwa, akala alipolishwa, na madaktari waliporidhika akasema anataka kwenda kwake. Wifi alikuja kumchukua. Tulimpakia bodaboda katikati, mkewe nyuma yake amemkumbatia kiunoni asianguke.

Msimu uliofuata nilikwenda kuwaona. Pamba ilikuwa imepasuka shambani kote, na wifi na watoto walikuwa wanachuma tangu asubuhi. Kaka alikaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, mkono wa kulia wa shati umefungwa fundo. Alikuwa amenenepa uso, na kinywa chake kilinuka pombe ingawa ilikuwa saa nne. Nilimpa habari za shule, za mama, za jirani yangu aliyehamishwa. Aliitikia. Kisha akauliza, "Yule yuko wapi?"

Nilikuwa nimesikia. Aliacha kazi kiwandani muda mfupi baada ya siku ile, akaondoka bila kumuaga hata mkewe. "Wanasema Geita. Anachimba."

"Mashimoni?"

"Ndiyo. Mkewe ameuza kiwanja, amerudi kwao Kasoli."

Kaka alitikisa kichwa. Nilisubiri aseme neno, la huruma au la laana, lolote. Mbuzi wawili walikuwa wameingia kwenye pamba iliyoanikwa kwenye turubai, wakaanza kuitafuna. Aliinuka akawakimbilia, akawapigia kelele, akampiga teke mmoja. Mbuzi wakatoka. Pamba ilikuwa imetawanyika kwenye udongo, na yeye akasimama juu yake akiitazama, mpaka wifi alipoacha kuchuma, akaja, akainama, akaanza kuiokota.