Nilibuni babu kwenye assignment ya Sociology, susu akakataa kutia sahihi

Wakuu, hamjambo popote mlipo.

Hii si stori ya kuambiwa. Ni yangu, na mahali nilikosea nitasema wazi nilikosea, kwa hivyo msinionee huruma kwenye comments.

Mimi ni kijana wa Mbooni, nasomea diploma ya Community Development kwenye college moja huku Kitui. Semester ya kwanza tulipewa unit ya Introduction to Sociology. Wengi tulidhani ni ya kupumzikia. Unaingia, unaambiwa jamii ni nini, unaandika, unaenda kula.

Tukaendelea hivyo mpaka topic ya familia. Lecturer wetu, tunamwita Madam, ni mama mpole lakini kwa kazi hana mchezo. Akasema kila mtu achore familia yake vizazi vitatu. Unamhoji mtu mzee zaidi nyumbani kwenu, unamsomea ulichoandika, akikubali anatia sahihi. Halafu unakuja kueleza mbele ya darasa.

Hapo nikaanza kutafuta njia ya kukwepa.

Niwaeleze kwa nini. Susu wangu, yaani nyanya kwa Kikamba, aliolewa akakaa miaka bila mtoto, mume akamrudisha kwao. Babake akamgawia shamba. Susu mwenyewe akaenda upande wa Zombe, akatoa mahari, akaoa mwanamke anaitwa Ndinda. Ni mila ya Wakamba kabisa. Mwanamke aliyeolewa hivyo anaitwa iweto, na watoto anaozaa, hata na mwanaume wa nje, ni wa yule aliyemwoa. Ndinda ndiye alimzaa baba yangu. Ndinda alifariki nikiwa form two.

Kwa hivyo mimi nina nyanya wawili, babu hakuna.

Nikiwa primary nilichekwa kwa ajili ya hiyo hadithi mpaka nikajifunza kunyamaza. Hata kanisani kwetu watu huipita kando. Sasa nisimame niieleze mbele ya darasa zima la college? Zii.

Nikabuni babu. Nikampa jina, Mzee Mutiso, nikampa kazi ya useremala, nikamuua kwa malaria kabla sijazaliwa. Nilimtengeneza vizuri mpaka nikaanza kumpenda.

Shida ilikuwa sahihi. Nilipanga kujitilia mwenyewe, lakini weekend nilienda nyumbani na susu akaiona ile karatasi. Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akichambua maharagwe. Susu alisoma ngumbaru uzeeni, kwa hivyo sahihi yake ni jina lake zima, herufi moja moja, na anaionea fahari sana. Akapangusa mikono, akaniambia nimsomee.

Nikasoma. Nilipofika kwa Mzee Mutiso sauti ikapungua.

Susu hakukasirika. Aliuliza tu, "Huyo mzee alikuja hapa lini?"

Nikamnyoshea karatasi kana kwamba jibu liko humo.

"Hii boma ni mimi nilianzisha," akasema. "Mbuzi za kuoa Ndinda nilipeleka mimi, na miguu. Baba yako akiwa shule ni mimi nilikuwa nalima. Sasa nyumba yangu umepea mwanaume hata hatumjui."

Akanirudishia karatasi, akarudi kwa maharagwe yake. Hakutia sahihi. Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuona, na haikuwa ile niliyokuwa naikimbia.

Jumatatu nilifika darasani na chart mpya, Mutiso nje, bila sahihi. Nikaeleza ukweli wote. Jamaa mmoja huko nyuma akauliza kama susu alikuwa anavaa suruali. Nikamjibu alikuwa anavaa leso na gumboots, na shamba lilikuwa linalimwa. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Madam akasema kazi ni nzuri ila bila sahihi hapokei. Akanipa wiki moja.

Baada ya class dada mmoja wa Migwani akanifuata kando. Akaniambia polepole kwamba hata yeye, yule babu aliyemchora hajawahi kuwepo.

Jumamosi nikarudi Mbooni. Boda aliniacha chini kwa sababu ya matope, nikapanda mlima kwa miguu nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Hata sikuyatumia. Susu alichukua karatasi, akatafuta jina lake kwa kidole, akalipata juu kabisa, pale wenzangu waliweka babu zao. Akauliza Ndinda ni yupi. Nikamwonyesha, upande ule mwingine wa karatasi, mstari mrefu katikati yao.

Akaupima ule mstari kwa vidole viwili.

"Umemweka mbali," akasema. "Msongeshe hapa. Huyo tulikula na yeye sufuria moja mpaka akatuacha."

Nikafuta, nikachora tena, majina yao yakakaribia kugusana. Ndipo akaomba kalamu. Herufi ya mwisho ilichukua muda, na sikumharakisha.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba miaka hiyo yote nilikuwa namwonea aibu mtu ambaye mwenyewe hakuwa na aibu yoyote. Unit nilipita, lakini marks hata sikumbuki vizuri.

Kama kwenu kuna mtu mmemtoa kwenye historia ya familia ndiyo ionekane safi, mwandikeni hapa chini, hata jina tu. Wenye maswali kuhusu iweto ulizeni, nitajibu ninachojua. Wa kucheka pia karibuni, siku hizi sitoroki.