Barabara Iliyomkimbia Baba

Baba yangu alikuwa mtunza stoo ya vipuri kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, na kwa jinsi alivyoringia stoo ile ungedhani ni benki. Alijua kila bolti ilipo. Mgeni mmoja mtaalamu alimfundisha kuorodhesha vipuri kwa kompyuta, zile za kioo cheusi na maandishi ya kijani, na alipoondoka akamwachia gemu moja kwenye disketi. Lilikuwa gemu la hovyo kabisa kwa macho ya leo. Gari dogo linaonekana kwa juu, barabara inakuja ikipindapinda, na kazi yako ni kubonyeza kushoto au kulia usiingie mtaroni. Baba aliliita "barabara". Jioni akitoka kazini alisema, "Ngoja niingie barabarani kidogo," na mama akasonya.

Sisi watoto tulisimama nyuma ya kiti chake tukitazama. Hakuna aliyecheza. Hakutukataza, wala haikuhitaji kukatazwa. Nyumbani kwetu kiti cha baba hakikaliwi, chakula hakionjwi kabla hajaonja yeye, na redio yake haiguswi hata ikikoroma. Gemu liliingia kwenye orodha hiyo bila kikao chochote.

Mashamba yakafa. Wakubwa walisema ni soko huria, sijui ubinafsishaji. Sisi tulichoona ni kombaini zimesimama na nyasi zinaota mpaka kwenye matairi. Vitu vikagawanywa, kompyuta ikakosa mwenyewe, baba akaichukua. Tukahamia kijijini Hirbadaw kwenye nyumba isiyo na umeme, na mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, ikakaa miaka pale kwenye kona.

Mama alifariki kabla haijafunuliwa. Kisha mkoa wetu ukakatwa kutoka Arusha, tukawa watu wa Manyara, ofisi zikaongezeka, nami nikapata kazi ya uchapaji Katesh na kupanga nyumba yenye umeme. Nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa mjini wakati baba alipoanguka zizini asubuhi moja. Alipooza upande wa kulia. Mdomo ukaenda pembeni, maneno yakapotea, na mzee aliyekuwa akikemea kijiji kizima akaletwa kwangu amelala nyuma ya pikapu.

Hospitalini walimpa mazoezi. Abane mpira wa soksi, aufungue mkono, aubane tena. Alibana siku mbili, siku ya tatu akautupa chini ya kitanda. Nilikasirika, lakini nilimwelewa. Huyu alikuwa mtu wa stoo. Kazi isiyoonyesha kilichoingia na kilichotoka, kwake haikuwa kazi.

Ndipo nikaagiza ile kompyuta kutoka Hirbadaw. Nilipoiweka kwenye meza ya dirishani, nikaiwasha na yale maandishi ya kijani yakatokea, baba alilia. Kisha akasema neno la kwanza lililosikika vizuri tangu aanguke: "Barabara."

Alianza kwa mkono wa kushoto. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuuinua ule wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuulaza juu ya kibodi, kidole kwenye kitufe, akingoja kiamke. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta pale dirishani, shati limelowa jasho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimepita ile kona ya jana."

Kwake lile halikuwa gemu tena, lilikuwa kipimo. Akifika mbali kuliko jana, anajua anarudi. Asipofika, siku hiyo hali chakula. Mwezi wa tatu kidole cha kulia kilibonyeza chenyewe. Mwezi wa nne alifunga vifungo vya shati bila mimi. Akaniambia, taratibu, neno moja moja, kwamba akiimaliza barabara ataondoka kwangu kwa miguu yake na kurudi Hirbadaw kuangalia ng'ombe wake. Nilimwamini. Sijawahi kuwa na furaha kama miezi ile, na naisema wazi kwa sababu kilichofuata ni kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Umeme ulikatika mchana mmoja, ukarudi kwa kishindo, na ile kompyuta ikatoa moshi. Haikuwaka tena.

Baba alikaa mbele ya kioo cheusi kama watu wanavyokaa msibani. Nikamwahidi kwamba disketi ipo na gemu limo humo, nitaleta mashine nyingine. Nikatafuta mpaka nikapata kompyuta iliyotumika, ya kisasa, kioo kikubwa, ina rangi zote. Niliichomekea disketi kwa mbwembwe. Kidirisha cheusi kikafunguka na kufungika kabla sijakisoma. Nikajaribu tena, yakaja maneno ya Kiingereza kwamba mfumo huu haulijui jambo hili. Mashine yenye nguvu za kurusha ndege, inashindwa na kigari! Nilitukana mpaka nikaona aibu, maana baba alikuwa anasikiliza.

Kulikuwa na fundi Mbulu aliyekuwa akitengeneza kompyuta za ofisi yetu, kijana mpole, mwenye uvumilivu wa kupita kiasi. Niliifunga mashine kwa kanga, nikaipakata kwenye basi kupitia Dongobesh, vumbi lote la njia ile likatuingia mimi na mashine.

"Dada, hii ni windows mpya," fundi alisema. "Gemu lako ni la enzi za babu. Haviongei lugha moja."

"Vifundishe."

Akacheka, lakini alikaa na kazi ile siku mbili nzima. Kuna mahali aliiambia mashine ijifanye ya zamani. Ikakubali, ikafungua, ikakwama. Akaibadilishia namna ya kuonyesha picha. Ikakwama tena, safari hii kwa mlio. Akafungua mafaili ya kuwashia, akayaandika upya mstari kwa mstari, akinieleza kila hatua kana kwamba naelewa. Mchana wa siku ya pili kioo kikawa cheusi, na barabara ikajichora. Kigari kimesimama chini, kinangoja mtu abonyeze kitufe.

Nilipiga vigelegele ndani ya duka la watu. Fundi akanyoosha kidole kuelekea kwenye kibodi.

"Usibonyeze!" nilisema.

"Nijaribu tu, dada, nione kama linakwenda sawa."

"Baba hajaonja."

Alinielewa mara moja, kwa sababu na yeye ni mtoto wa nyumba kama zetu, wa Endagikot, hukohuko Mbulu. Akarudisha mkono, tena kwa heshima, akaomba radhi. Tukaizima mashine gemu likiwa halijaguswa na mtu. Nilirudi Katesh nikijisifu kwa malezi mema.

Baba alikuwa amevaa koti. Nilimkuta ameketi anasubiri, amenyoa, sijui alinyoaje kwa mkono ule. Nikaunganisha nyaya, barabara ikatokea, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliokuwa ukitii. Akaweka vidole vyake. Akabonyeza.

Gari likagonga.

Hakuona lilipogonga, nami sikuona. Barabara ilipita kama kitambaa kinachovutwa mezani, ukatoka mlio, na kigari kikawa kimerudi mwanzo. Baba akajiweka sawa kwenye kiti. Akabonyeza. Likagonga. Akausogeza uso karibu na kioo. Likagonga.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nyuma ya kiti chake kama nilivyosimama utotoni, nikamhimiza. "Haraka baba! Kushoto! Bonyeza haraka, umechelewa!" Nilidhani amepoa mkono kwa yale majuma ya kukaa bure. Nilipaza sauti kama mtu anayemfundisha mtoto mzito. Akajaribu tena na tena, jasho likimtiririka, kila mara mlio uleule. Mwishowe akakiondoa kidole cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakilaza mapajani.

"Nimekwisha," alisema.

"Utazoea baba. Kesho tutajaribu."

"Macho hayaoni tena inavyokuja. Hii imenipiga mara ya pili, kimyakimya."

Alikuwa na maana ya kiharusi. Sikubisha. Kwetu mzee akishasema kuhusu mwili wake, mtoto habishi, na zaidi ya hapo, mimi pia niliamini. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Tangu siku hiyo hakukaa tena dirishani. Vifungo vya shati nikaanza kufunga mimi. Akaacha kutembea mpaka mlangoni, akaacha koti, akaacha kuuliza habari za ng'ombe. Maneno aliyokuwa ameyarudisha moja moja akayatumia kunielekeza mahali pa kumzika, kando ya mama, na nani asipewe nafasi ya kusema kaburini. Nikampeleka hospitalini, wakampima, wakasema hawaoni jipya. Nilidhani hawajui kazi.

Ilipita miezi mitatu ndipo yule fundi akaja Katesh kushughulikia kompyuta za ofisi.

"Mzee anaendeleaje na barabara yake?"

"Alishindwa. Inamkimbia, hata haoni kona."

Akaacha bisibisi. "Dada, au ni mwendo wa mashine?"

"Mwendo gani?"

Akanieleza huku hanitazami usoni. Gemu za zamani zile hazina saa ndani yake. Zinakwenda kwa mwendo wa mashine. Ziliandikwa kwa mashine zinazojikongoja, ukiziweka kwenye mashine ya sasa zinafyatuka, na hakuna binadamu anayeweza kuzifuata. Kuna kiprogramu kidogo cha kuzishikilia. Kukiweka ni kazi ya dakika chache. "Ningebonyeza mara moja tu siku ile," alisema, "ningeona."

Nilikaa kwenye sakafu ya ofisi mbele ya wakubwa wangu.

Mchana uleule tukaenda nyumbani. Fundi akamwamkia baba, akaweka kile kiprogramu, tukasogeza meza mpaka kitandani. Barabara ikaanza kuja taratibu, kona baada ya kona, kama tulivyoizoea kule mashambani.

"Baba, hukuwa wewe. Ilikuwa mashine, ilikwenda mbio kupita kiasi. Tazama, sasa imerudi."

Alitazama kona kadhaa zikipita. Nikaona kidole cha kulia kinacheza juu ya blanketi, nikapata tumaini.

"Mmeipunguza," alisema.

"Tumeirudisha baba, ilivyokuwa."

"Mmenipunguzia. Hii ni ya mgonjwa."

Nikamwomba fundi arudishe ule mwendo wa mbio. Kisha nikafanya nilichokuwa sijawahi kufanya. Nikasema, "Samahani baba," nikaketi mbele ya kibodi, nikabonyeza. Likagonga. Nikabonyeza tena, likagonga, mara tano, mara sita. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. "Umeona? Hata mimi! Mimi nina macho, nina mikono miwili, na ninagonga!"

Baba alinitazama kwa huruma, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru.

"Mama," alisema, kwa jina lile alilokuwa akiniita nikiwa mdogo, "wewe hujawahi kuendesha."

Ilikuwa kweli. Fundi naye hakuwa amewahi. Ndugu zangu wote hawakuwa wamewahi. Katika dunia nzima hakukuwa na mtu wa kumwambia baba barabara ile ilikwenda mwendo gani, isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye alikuwa ameacha kujiamini. Akaugeukia ukuta. Fundi akaomba ruhusa akaondoka, nami nikazima mashine.

Hakuishi wiki sita baada ya hapo. Tulimzika Hirbadaw alipotaka.

Nilijifunza kuendesha baada ya mazishi. Kwa mwendo wa zamani sasa nafika mbali, kupita kona zote alizonitajia. Kwa ule wa mbio nimejaribu mara nyingi kuliko siku zote alizolala akingoja kufa, na sijawahi kuivuka kona ya kwanza. Hakuna awezaye. Ninaweza kusimama mbele ya yeyote nikaapa, na aliyehitaji kiapo hicho alikufa akiamini kwamba amekwisha, na kwamba binti yake alimdanganya kwa kumhurumia.