Nilivyomtoa uwanjani mtani wangu kwenye mechi ya raunda, Kisarawe, enzi za mkoloni

Wakuu, habari za humu ndani.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe ili msije mkasema nimeuficha. Nikiwa refa wa mechi ya watoto wa shule, nilimtoa uwanjani mtani wangu kwa kosa la kunitania.

Halafu nikawatoa wenzake watatu.

Halafu nikamtoa mdogo wangu wa tumbo moja.

Halafu nikajaribu kumtoa bibi yangu, ambaye hata mchezaji hakuwa.

Yalitokea hivyo hivyo. Aibu ni yangu peke yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari ameshanikataza.

Kwa wasionijua: mimi ni mzee wa Visiga, themanini nimeipita, mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu kwa mwezi mzima ni kwenda Kwa Mathias kununua dawa na kurudi. Juzi binti yangu alikuwa anaangalia softball ya watoto kwenye simu, refa akamtoa mchezaji mmoja nje, mchezaji analia. Nikasema, huo mchezo naujua, na huyo refa naye namjua. Binti akacheka. Ndiyo nikaona nije kwenu.

Sasa turudi nyuma.

Ni miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Wakati huo kwetu ni Kisarawe, baba analima mihogo na mikorosho. Shuleni wasichana wanacheza raunda, ambayo ni ndugu kabisa wa softball. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vigingi vinne. Akivimaliza vyote, pointi. Mpira ukigusishwa kigingi anachokikimbilia kabla hajafika, ametoka.

Mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyozungushiwa kamba ya katani. Ukikupiga mgongoni unakumbuka hadi Ijumaa.

Mwaka huo shule yetu ilipangiwa kucheza na shule ya Visiga. Mshindi anapanda lori kwenda Dar es Salaam kwenye michezo ya shule, analala huko usiku mmoja, anarudi.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa na miaka kumi na miwili na hajawahi kupanda gari lolote. Alishawaambia watu wote kwamba anakwenda Dar. Aliwaambia hata mbuzi. Gauni lake alilifua mara tatu wiki hiyo, mechi yenyewe bado.

Mimi nilikuwa form two, shule ya bweni, nimekuja likizo. Nimerudi na viatu vya raba vyeupe, kofia, Kiingereza kidogo na maringo mengi sana.

Mwalimu Kondo, aliyekuwa anawafundisha akina Zuhura, akanipa filimbi na kijitabu cha sheria za mchezo, kwa Kiingereza. Akasema, "Wewe ndiye utakuwa refa."

Mwalimu wa Visiga akauliza, "Huyu si kaka yake mchezaji wenu?"

Mwalimu Kondo akajibu, "Ni kaka yake, lakini amesoma."

Enzi zile jibu hilo lilitosha.

Kile kijitabu kilikuwa na kurasa nyingi kidogo. Nilisoma moja. Ilisema mchezaji anayemvunjia heshima refa atolewe nje ya uwanja, na timu ikibaki na wachezaji pungufu ya sita, imeshindwa. Ukurasa huo niliupenda mno. Niliusoma asubuhi, nikausoma mchana, nikamsomea mama jikoni kwa Kiingereza. Mama akasema, "Haya, sogea nipakue."

Hapa vijana lazima niwaeleze kitu, maana siku hizi mnajua utani wa timu za mpira tu.

Sisi Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi. Na timu ya Visiga nusu yake walikuwa watoto wa Wanyamwezi, baba zao walikuja kukata mkonge wakahamia moja kwa moja. Mtani anakwambia lolote, popote, hata msibani. Wewe unacheka au unamrudishia. Ukikasirika, umekwisha. Unalipa faini, na faini anaichagua yeye.

Hilo mtoto wa miaka mitano analijua. Hata mimi nilikuwa nalijua. Tatizo lilikuwa kile kijitabu.

Siku ikafika. Visiga wakaja na lori la mkaa, wakashuka weusi mpaka kope, wanaimba. Kapteni wao alikuwa binti anaitwa Nyamizi, mrefu, ana pengo la meno ya mbele na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Wakaanza wao kupiga. Wapigaji wawili wa mwanzo wakapita salama, pointi mbili. Zuhura amekaa kigingi cha pili, amekunja uso, hataki mchezo na mtu.

Akaja Nyamizi na gongo lake. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, taratibu kama anayenunua jogoo.

"Jamani, Mzaramo kavaa viatu! Leo mvua itanyesha."

Uwanja mzima ukacheka.

"Na hiyo miguu, mtani, umeazima kwa korongo? Mrudishie, anahangaika huko matopeni."

Wakuu, ilitakiwa nicheke. Au nimwambie kitu kuhusu lile pengo. Pengo lilikuwa pale, wazi kabisa, linanisubiri.

Mimi nikapuliza filimbi. "Toka nje! Umemvunjia heshima refa!"

Watu wakacheka zaidi. Walidhani namrudishia utani. Mzee mmoja akapiga makofi, akasema, "Huyu kijana naye yumo!"

Nikapuliza tena. "Nimesema toka!"

Nyamizi akatoka huku anacheka, ameshika mbavu. Mwenzake akasema, "Mtani kanuna!" Nikamtoa. Wa tatu akaiga ninavyotembea. Nikamtoa. Wa nne sikumbuki alifanya nini. Nadhani alipiga chafya vibaya.

Zuhura akaacha kigingi chake, akanikimbilia. "Kaka, unafanya nini? Hao ni watani!"

"Mchezaji habishani na refa."

"Kaka, tafadhali. Utaniharibia."

"Toka nje."

Alinitazama vile ambavyo sijasahau mpaka leo. Akatoka, akaenda kukaa karibu na Nyamizi, na Nyamizi akamsogezea nafasi.

Ndipo Bibi Mwajuma, mama yake baba, alipoingia uwanjani na mkongojo wake. Bibi zetu nao hututania, wanatuita waume zao. Akasema kwa sauti, "Mume wangu, jua limekuingia kichwani? Njoo nikupake maji."

Nikamnyooshea kidole bibi yangu mzazi. "Nje!"

Bibi alitembea mpaka kigingi cha pili, kile alichokiacha Zuhura, akatandika kanga yake, akakaa. Nikapuliza filimbi. Akatoa ugoro, akanusa.

Sasa Visiga walikuwa wamebaki watano kati ya tisa. Nikafungua ukurasa wangu, nikasoma kwa Kiingereza, nikatangaza: Kisarawe tumeshinda!

Nikasubiri makofi.

Hakuna aliyeshangilia. Wasichana wetu waliangalia chini. Mwalimu Kondo alikuwa anafuta miwani ambayo ilikuwa safi.

Baba akatoka kwa watazamaji, akaja mpaka mbele yangu. "Umemkasirikia mtani?"

"Baba, sheria inasema..."

"Nimekuuliza. Umekasirika, hukukasirika?"

"Nimekasirika."

Baba akawageukia Visiga. "Watani, kijana ni wenu. Chukueni faini yenu."

Wakuu, walinijia kama siafu. Dakika moja sina viatu. Dakika ya pili sina kofia. Filimbi akaivuta Nyamizi shingoni mwangu, akaenda akampa bibi pale alipokaa. "Bibi, wewe ndiye refa. Huyu tumemtoa nje."

Na kweli, nilitolewa. Nikaelekezwa nikasimame nyuma ya choo cha shule, nisionekane.

Mechi ikaendelea palipokatikia, waliotolewa wote wakarudi. Bibi hakujua hata sheria moja. Alipuliza filimbi kila alipopenda mpigo, na hakuna aliyejua maana yake. Lakini niliwachungulia, na nawaambieni, sijaona watoto wakicheza kwa raha namna ile.

Visiga wakafunga nne. Zamu yetu ikaja, tukafika tatu, mpigaji wa mwisho ni Zuhura. Akivizunguka vigingi vyote, tunasawazisha na mchezo unaendelea. Akitolewa, safari imekwenda Visiga.

Akaupiga ule mpira mpaka mihogoni. Akapita kigingi cha kwanza, cha pili akamruka bibi, cha tatu. Mpira ukarushwa ukatua mikononi mwa Nyamizi pale kigingi cha nne. Zuhura akajirusha kifudifudi. Vumbi likatimka.

Wote wakamgeukia bibi.

"Ametoka," akasema bibi.

Mimi huko nyuma ya choo nikashindwa kujizuia. "Bibi, umeonaje kutoka huko?"

"Macho yangu hayajafika form two," akasema. "Bado yanaona."

Hakuna aliyebisha. Zuhura mwenyewe, bado yuko chini, akasema, "Ni kweli, sikufika."

Visiga wakashangilia mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Zuhura akainuka, akaanza kujikung'uta gauni lake. Analikung'uta tu, halafu analikung'uta tena palepale. Hakulia. Heri angelia.

Nikatoka nyuma ya choo, miguu mitupu, nikamwendea.

Nyamizi akanitangulia. Tayari amevaa viatu vyangu, vinampwaya.

"Mtani," akaniambia, "faini haijatimia. Viatu vyenyewe vimetoboka kidole. Tunachukua na hiki." Akamshika Zuhura mkono. "Atatubebea maji Dar. Na atapanda mbele, nyuma kuna mkaa."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mchukueni, ila mumrudishe. Huyu mwingine mkimtaka, msimrudishe."

Walimu wawili wakatazamana, wakakubaliana kwamba mbeba maji si mchezaji, hakuna sheria inayomkataza. Wiki iliyofuata lori likapita kwetu kumchukua. Zuhura alikaa mbele, mgongo wima, hakutupungia hata mkono. Nadhani aliogopa akiuinua ataanguka.

Nani alibaki anatwanga, anateka maji na kuchunga wale mbuzi waliokwisha kuambiwa habari za Dar? Siwatajii jina.

Aliporudi alinisimulia Dar siku nane mfululizo. Mataa, magari, mtu anayeuza barafu. Sikumkatiza hata mara moja. Yeye ndiye aliyekwenda, mimi nilikuwa wa jikoni, na tangu hapo nikagundua jikoni pananifaa. Bado nipo.

Somo nililolipata, kwa mnaopewa kacheo kadogo huko makazini: ukipewa kitabu, kisome chote. Baadaye nilikimaliza kile. Ukurasa wa mwisho ulisema refa aanze kwa kumwonya mchezaji kwa upole.

Karibuni kwa maoni. Na kama kuna mtani humu, ruksa, sema unavyotaka, sikutoi.

Kabla sijaweka uzi huu nilimsomea jirani yangu, Mama Shukuru, alikuwa amekuja kuomba kiberiti. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni. Kisha akasema:

"Kwa hiyo babu, uwanja mzima ulijaa watoto, halafu aliyenuna ni refa."