Jino la Kahawia na Ziwa la Kulalia

Mwanangu wa kiume alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa nilipoliona doa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimempakata mlangoni kwetu Nyanungu, naye anamcheka jogoo aliyekuwa ameangusha ndoo. Alipocheka nikaona mstari wa kahawia kwenye jino la mbele, juu karibu na fizi. Nilidhani ni uji wa ulezi. Nikaufuta kwa ncha ya kanga. Haukutoka.

Tangu azaliwe nilikuwa namnyonyesha hadi alale. Sasa alikuwa anatembea, anatukana mbuzi, anabeba kigoda kichwani, lakini giza likianza kuingia alikuja mwenyewe, akapanda kitandani, akalishika sikio langu kwa mkono mmoja na kuanza kunyonya. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Kutwa nzima nilikuwa na watoto wa watu, wengi kuliko madawati. Jioni nilikuwa na mmoja tu, tena ananyamaza. Sikutaka kuiacha saa hiyo.

Mwalimu mwenzangu, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliliangalia jino Jumapili na kukata shauri palepale.

"Hayo ni maziwa yako. Mtoto analala na ziwa mdomoni, maziwa yanabaki kwenye meno. Mwachishe."

"Lini?"

"Jana."

Jioni hiyo nikajipaka maji ya mwarobaini. Mtoto alionja, akakunja uso, akavuta kanga yangu, akalifuta ziwa vizuri pande zote, kisha akaendelea kunyonya. Alinitazama kama fundi aliyekuta vyombo vyake vimeshikwa na mtu asiyejua kazi.

Kabla ya kujaribu pilipili, niliamua kwanza kujua doa linatoka wapi. Nilichukua daftari nikaanza kuandika kila kilichoingia mdomoni mwake. Asubuhi na jioni niliziona mwenyewe. Mchana ndio sikuujua, kwa sababu alishinda kwa mama mkwe wangu, nyumba ya pili katika boma letu. Jumatano, wakati wa mapumziko, nilirudi kuchukua madaftari niliyoyasahau, nikapita kwake.

Mama alikuwa anamimina chai ya maziwa kwenye chupa ya mtoto. Aliweka sukari vijiko vinne, akakoroga.

"Mume wangu, karibu chai," alimwambia.

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na utani huo hauna mwisho. Mume huyo aliipokea chupa, akajilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, akanyonya mpaka usingizi ukamchukua, chupa ikiwa bado mdomoni.

"Kila siku anakunywa hivi, mama?" niliuliza.

"Ulitaka nimpe chai chungu? Mume akipewa chai chungu anarudi kwao."

Nilicheka, nikarudi shuleni, nikaandika: vijiko vinne, amelala nayo.

Sasa nilijua, lakini sikuwa na pa kuanzia kusema. Mkwe hamwambii mama wa mume wake kwamba chai yake inaozesha meno ya mjukuu. Nikaona bora nimsikie daktari kwanza. Mume wangu, anayefanya kazi Nyamongo na kurudi nyumbani siku za mapumziko, alitupeleka mjini Bomani kwa pikipiki.

Daktari wa meno alikuwa dada mwenye umri mdogo kuliko wangu, si mtu wa huku. Alimlaza mtoto kichwa kikiwa kwenye mapaja yake na miguu kwangu, akamulika kwa tochi.

"Usiku analala na nini?"

"Ziwa."

"Na mchana?"

Nilimwangalia mume wangu. "Chai ya sukari, kwenye chupa."

"Chai anapewa na nani?" mume wangu akauliza.

"Na mke wake," nikasema.

Daktari aliinua macho. Ikabidi tumweleze, naye alicheka mpaka tochi ikahama kutoka mdomoni kwenda kwenye sikio la mtoto. Kisha akasema taratibu, huku akinihesabia kwa vidole. Jino limeanza kuharibika lakini halijatoboka. Chupa ya chai ikome leo. Jioni, baada ya chakula, apigwe mswaki kwa dawa ya meno kidogo sana, kama punje ya mchele, ndipo anyonye, na asile kitu kingine. Akishalala, nimtoe ziwa mdomoni.

"Sikuambii umwachishe," alisema. "Mrudishe baada ya miezi mitatu. Doa likiwa limekua, hapo itabidi tuzungumze habari ya kumnyonyesha hadi alale."

Njia nzima nilitafuta maneno. Tulipofika, mama alikuwa anapepeta mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wangu wamemng'oa?"

Nikamgeukia mtoto. "Baba, mwambie mke wako daktari amesema nini. Mwambie sukari yake itakufanya kibogoyo. Na yeye meno yamebaki matatu. Nyumba ikiwa na vibogoyo wawili, nyama itatafunwa na nani?"

Ungo ulisimama. Mume wangu akaanza kukagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama naye akamgeukia mtoto.

"Mwambie mama yako nimesikia. Kumbe siku ile alikuja kuhesabu vijiko vyangu."

Akapepeta mara mbili, akaendelea.

"Mwambie tena, meno yangu si matatu. Ni matano. Na mume wangu hatakuwa kibogoyo kwa mkono wangu."

Aliingia ndani, akaileta chupa, akaisuuza, akaijaza mbegu za mchicha. Kuanzia kesho yake, mchana alimfunga mgongoni kwa kanga na kumzungusha kwenye zizi la ng'ombe hadi alale. Kila jirani aliyepita aliambiwa mume huyu ni mzito na hasaidii kazi yoyote.

Mswaki ndio ulitushinda. Mtoto aliuuma na kukataa kuuachia. Mama alinitazama jioni mbili, ya tatu akaja na kijiti chake cha kusugulia meno, akakaa mbele yake.

"Mume wangu, nionyeshe meno ya kutafunia nyama. Mimi yangu haya hapa."

Alifungua mdomo wote kumwonyesha. Mtoto akainama kuyachungulia, na yeye wake ukafunguka, nami nikapitisha mswaki haraka. Kila jioni ikawa hivyo, wanandoa wakikaguana, mimi katikati na mswaki. Baada ya hapo alipanda kitandani, akashika sikio langu, akanyonya huku ananukia dawa ya meno.

Miezi mitatu ilipoisha tulirudi Bomani. Daktari alimulika muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Doa halijakua," alisema. "Endelea kumnyonyesha."

Nje, kwenye benchi, mtoto alidai chake, nikampa palepale. Usingizi ulimchukua mapema, na baba yake akazima pikipiki kumsubiri. Daktari alitoka kwenda kula, akapunguza mwendo alipotufikia.

"Umemtoa mdomoni?"

"Ndio namtoa."

Nikamtoa. Midomo yake ikaendelea kunyonya hewa mara tatu, mara nne, kisha ikatulia.