Chungu cha Pombe Mlangoni kwa Meneja

Treni ilinitua Kigoma nikiwa hoi. Benchi la daraja la tatu lilikuwa limenichapa mgongo tangu Morogoro. Nikakaa pale mjini nikingoja usafiri wa kupanda milimani, kwa sababu basi lilikuwa bovu na hakuna aliyejua spea ingetoka wapi. Mwishowe nikapata lori la chumvi. Baada ya Kasulu barabara ikageuka tope jekundu, na tulipofika Nyakitonto abiria wote tulishuka kusukuma. Niliingia Kibondo nimevaa tope hadi magotini, nikapewa chumba nyuma ya ghala la kampuni, nikalala na viatu.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Arobaini imeshanipita na sijajenga popote. Lakini nikisikia harufu ya mbao mbichi, mpaka leo, moyo unakwenda kule.

Nilikuwa nimetumwa kufundisha wafanyakazi wa kampuni ya mbao haki zao. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, wakati kila penye mishahara palitakiwa mkufunzi. Wiki moja nilifundisha karakana ya Kasulu, wiki nyingine kiwandani Kibondo, upande wa Busunzu. Darasa lilikuwa banda la kukaushia mbao, jioni, baada ya kazi. Watu walikuja na vumbi la msumeno kwenye nyusi, wakakaa juu ya magogo, nusu yao wakasinzia. Siwalaumu. Hata mimi sauti yangu ilinitia usingizi.

Niliwaambia kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba mfanyakazi hapigwi, hatukanwi, wala hafukuzwi kwa kuumia kazini.

"Na nyapara naye ni binadamu, mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Ni binadamu."

"Basi umwambie mwenyewe, maana sisi ametuficha."

Walicheka mpaka waliosinzia wakaamka.

Miongoni mwao alikuwako mkimbizi kutoka Burundi, mtu mpole aliyeishi na mkewe kwenye vibanda vya kampuni. Siku moja mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Nyapara akamwondoa kazini palepale. "Vidole umeiachia mashine," alimwambia mbele ya watu, "sasa gogo utalishika kwa meno?" Bila kazi hakuna kibanda. Ilimpasa aondoke na mkewe, wapelekwe makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, wakaanze kufyeka pori upya, yeye akiwa na mkono mmoja mzima.

Niliona hapo ndipo somo litakapopimwa. Nikawaambia wachague wasemaji, waende kwa meneja, wadai mwenzao arudishwe na nyapara aonywe. Wakakubali. Wakachagua watu wazima watatu, mkubwa wao mpasuaji mbao wa miaka mingi.

Asubuhi ya siku yao nilikuwa ghalani niliposikia kelele ofisini. Meneja alikuwa mtu wa pwani, mtu wa msikiti na swala, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nilimkuta mlangoni anafoka. Mbele yake kulikuwa na chungu cha pombe ya ndizi, mirija ya matete imechomekwa tayari, na wasemaji wangu watatu wamechutama wakipiga makofi taratibu, kama Waha, wenyeji wa kule, wanavyomwamkia mkubwa.

"Mwalimu! Hii ndiyo elimu yako? Nina saumu, watu wananiletea pombe! Wananihonga au wananitukana?"

"Ndugu meneja, hawa..."

"Leo usiniite ndugu! Watoke, na kazini wasirudi!"

Niliwatoa hadi nyuma ya ghala. Nikamuuliza yule mkubwa kwa nini hawakuniambia.

"Tukuambie nini, mwanangu? Kwenu mtu hupeleka mashtaka kwa mkubwa mikono mitupu? Mnakunywa kwanza chungu kimoja, ndipo neno linatoka bila ugomvi. Yeye amekikataa. Maana yake ametaka ugomvi."

Kwa hiyo waliofukuzwa, pamoja na yule mkimbizi, wakawa wanne. Nikashinda siku nzima nikienda huku na huku kati ya ofisi na vibanda, kila upande ukiniona mimi ni wa upande mwingine. Nilimweleza meneja kwamba kile chungu kilikuwa heshima. Nikawaeleza wazee kwamba kwa mwenye saumu chungu kile ni matusi. Jioni, kwa kukosa akili nyingine, nikasema: basi mle pamoja naye futari.

Meneja alifikiri, akakubali. Wazee walileta maharage na viazi vitamu, yeye akaleta tende na uji. Adhana ilipolia tukala sinia moja, uani kwake. Aliyekatwa vidole alikula kwa mkono wa kushoto, akiona haya, mpaka meneja akamwambia, "Kula tu, Mungu anaona." Nikasema moyoni, sasa neno litatoka.

Halikutoka. Wamekwisha kula chakula cha mtu, wangemletea mashtaka vipi tena? Mkubwa wao alimshukuru meneja kwa tende. Akamshukuru kwa uji. Habari za nyapara hazikutajwa. Nilipofungua kinywa alinikanyaga mguu.

Meneja akafuta midomo. "Haya. Nyinyi watatu rudini kazini. Na huyu nimemsamehe. Akipona atafagia kiwanda."

Wote wakapiga makofi. Yule mkimbizi naye alipiga, kiganja kizima juu ya kile chenye bandeji. Hakuna aliyeuliza amesamehewa kosa gani. Nilirudi chumbani kwangu nimechoka kuliko siku ya lori.

Nilifundisha miezi michache zaidi, kisha nikaomba kuondoka. Siku ya safari lori lilisimama mbele ya kiwanda, nikapandisha sanduku langu, nami nikapanda. Mara nikamwona yule mfagiaji anakuja na mkewe, wamebeba godoro la nyasi, sufuria na jembe.

"Mnakwenda wapi?"

"Tabora, mwalimu. Kwenye makazi."

"Lakini kazi unayo!"

"Ego, ndiyo, ninayo. Kila asubuhi nyapara ananikumbusha kwamba nimesamehewa." Akamwinua mkewe juu ya magunia. "Pori nitalifyeka polepole."

Nyapara akatokea getini, ufagio mkononi. "Wewe! Nani amekufukuza?"

"Hakuna," alijibu kwa sauti ambayo sikupata kuisikia darasani. "Nimeacha kazi."

Nikamvuta kwa mkono wake wa kushoto, akapanda.